Maswali na Majibu ya Wapigachapa: Spana Iwe ya Mwisho

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu mashine ndogo za chapa za kuwekwa mezani, zile zinazoendeshwa kwa mkono na kutumia herufi za risasi, ambazo zimeanza kuonekana tena katika vyumba vya watu wanaotengeneza kadi na lebo hapa Dar es Salaam. Kila mwandishi ameeleza tatizo lake, lakini wengi wameanzia tiba mahali pamoja, yaani kwenye skrubu za mgandamizo, na ndiyo maana majibu yangu yatarudia jambo moja bila kuona haya: wino na rola hukaguliwa kwanza, matandiko hufuata, na spana hushikwa mwishoni. Ili tuelewane, ninaposema kitanda nina maana ya bapa la chuma linaloegemewa na fremu yenye herufi. Bamba ni lile linalobeba karatasi na kwenda kukutana na herufi unaposhusha mpini. Na matandiko ni karatasi zinazotandikwa juu ya bamba, chini ya ile inayochapwa.

Shikamoo fundi. Nimenunua mashine ya Adana iliyokwisha kutumika, ya inchi 8 kwa 5, ili nichape kadi za michango na za harusi. Upande wa kushoto wa kadi unatoka mweusi vizuri, lakini wa kulia umefifia kiasi kwamba jina la bwana harusi halisomeki. Nimekaza skrubu za upande wa kulia hadi mpini umekuwa mgumu kushuka, wino bado hafifu, na sasa nyuma ya kadi pana vinundu vya herufi. Nifanye nini?
Msomaji, Sinza

Marahaba, mwanangu. Barua yako imebeba sehemu kubwa ya jibu lake, kwa sababu vinundu vilivyo nyuma ya kadi vinaonyesha kwamba herufi za upande wa kulia zinaigonga karatasi kwa nguvu za kutosha, tena kupita kiasi. Zinachokosa ni wino. Herufi isiyopata wino haitatoa weusi hata ukiigandamiza mpaka kadi itoboke, na kila unapozidi kukaza unazichakaza herufi zenyewe, ambazo ni risasi iliyochanganywa na antimoni na bati, na ambazo zikishabonyea hazirudi hali yake.

Ili usibaki kukisia, tenganisha mgandamizo na wino kwa jaribio hili. Ondoa rola zote mbili, safisha herufi zikauke, weka karatasi nyeupe juu ya bamba, kisha ilaze juu yake karatasi ya kaboni, ile ile inayouzwa madukani kwa ajili ya vitabu vya risiti, upande wenye kaboni ukiitazama karatasi nyeupe. Shusha mpini mara moja, ufungue, na utazame. Picha utakayoiona ni ya mgandamizo peke yake, kwa kuwa wino haukushiriki. Nina hakika utakuta upande wa kulia umekolea kuliko wa kushoto, kwa sababu ya skrubu ulizozikaza, na hapo utajua kwamba ugonjwa uko kwenye rola na ulikuwa unatibu mguu mzima.

Rola za mashine yako hazigusi herufi kwa uzito wake tu. Kila ncha ya rola ina gurudumu dogo linalotembea juu ya reli, reli moja kila upande wa kitanda, na gurudumu hilo ndilo linaloamua rola ipite kwa kimo gani. Herufi za Uingereza na Marekani zina kimo cha inchi 0.918, yaani karibu milimita 23.3 kutoka mguuni hadi usoni, na rola inatakiwa kupapasa uso huo bila kuubusu kwa nguvu. Gurudumu likiwa na kipenyo kikubwa kuliko rola, au reli ikiwa imeinuliwa na tabaka za utepe alizobandika mwenye mashine aliyekutangulia, rola hupita juu ya herufi pasipo kuzifikia, au huzigusa kwa shida. Kwa hiyo kagua reli ya kulia kwanza, kwa ukucha, maana utepe wa zamani uliolowa wino hufanana kabisa na chuma. Usipoona kitu, toa rola moja na uigeuze ncha kwa ncha, pamoja na magurudumu yake, kisha uchape. Ufifi ukihamia kushoto, kosa liko kwenye rola au kwenye gurudumu. Ukibaki kulia, kosa liko kwenye reli au kwenye vibebeo vya rola, ambavyo springi zake huchoka na kushindwa kuivuta rola ikalie reli sawasawa.

Ukitaka kufanya kazi hii kwa uhakika na si kwa macho tu, nenda kwa fundi wa kukereza vyuma pale Gerezani, umwombe akuchongee kipande cha duara cha shaba chenye kipenyo cha milimita 23.3 kamili, kikiwa na mpini mrefu kama wa kijiko. Mwambie apime kwa kipimo cha vernia, kwa sababu kosa la sehemu ya kumi ya milimita linaonekana kwenye kazi. Ondoa fremu ya herufi, paka rola wino, kisha ukisimamishe kipande hicho juu ya kitanda huku rola ikipita juu yake mara moja. Mstari wa wino utakaobaki juu ya shaba unapaswa kuwa na upana wa milimita 2 hadi 3. Pima pembe zote nne za kitanda na katikati. Mstari ukiwa mpana kuliko hapo, rola iko chini mno, na itapaka wino ubavuni mwa herufi na kujaza matundu ya a na e; bandika utepe mwembamba juu ya reli, tabaka moja kwa wakati, mpaka mstari urudi kwenye kipimo. Usipopata mstari, ondoa utepe, au mrudie fundi yule yule apunguze magurudumu mpaka kipenyo chake kilingane na cha rola.

Baada ya hapo, na si kabla ya hapo, rudi kwenye zile skrubu. Utazikuta nyuma ya kitanda au nyuma ya bamba, kutegemea aina ya mashine, kwa kawaida nne, kila moja na nati yake ya kufungia. Legeza nati, kisha uzirudishe skrubu zote nyuma mpaka mpini ushuke bila kugomba. Tandika upya bamba kwa matandiko magumu: kadi moja nyembamba isiyobonyea, karatasi mbili za kawaida za gramu 80, na manila moja juu yake iliyovutwa ikanyooka. Funga kwenye fremu herufi nne kubwa za saizi moja, moja kila pembe, na uzishindilie kwa kibao cha kusawazishia ili zote zikalie kitanda. Kata vipande vinne vyembamba vya karatasi ile ile utakayochapia, weka kimoja mbele ya kila herufi, shusha mpini ubaki chini, halafu uvivute kimoja baada ya kingine. Panapoteleza, zungusha skrubu ya pembe hiyo kwa sehemu ya nane ya mzunguko na ujaribu tena pembe zote, kwa maana pembe moja ikisogea zile nyingine husogea nayo. Vipande vyote vinne vikigoma kwa ugumu mmoja, kaza nati, futa mikono, na usiziguse tena skrubu hizo kwa sababu ya kazi moja tu. Kadi nene ikija, toa karatasi moja ya matandiko. Karatasi nyembamba ikija, irudishe.

Neno moja zaidi kuhusu kadi zako. Mashine ya inchi 8 kwa 5 ina nafasi hiyo ndani ya fremu, lakini haina nguvu ya kuijaza nafasi hiyo kwa maua meusi na mapambo mazito kwa pigo moja. Ukiwa na ua kubwa na maandishi, chapa ua peke yake, safisha, kisha chapa maandishi. Wateja hulalamika juu ya muda, lakini hawajawahi kulalamika juu ya ua lililotoka vizuri.

Fundi, rola za mashine yangu zilikuwa laini na nzuri mwezi wa Agosti. Sasa zinanata mkononi, moja imepata ubapa upande mmoja, na chapa inatoka na mistari isiyo na wino kila rola inapozunguka. Je, ni wino mbaya?
Msomaji, Temeke

Si wino, ndugu yangu, ni hali ya hewa ya Pwani pamoja na aina ya rola zako. Rola za zamani zilisubiwa kwa gundi ya wanyama na gliserini, na mchanganyiko huo hunyonya unyevu wa hewa, huvimba, hulainika, na joto likizidi huanza kuyeyuka. Katika nchi zenye baridi wapigachapa walikuwa na rola za kiangazi na rola za majira ya baridi, zilizotofautiana ugumu. Sisi tunaoishi kwenye joto la Desemba hadi Machi na kisha kuingia kwenye masika hatuna msimu hata mmoja unaozifaa, na kwa kweli sioni sababu ya mtu wa Dar es Salaam kuendelea kuhangaika nazo. Peleka vyuma vya katikati kwa wanaovalisha rola za mitambo ya chapa mpira mpya, uwape na gurudumu la rola, na usisitize kwamba kipenyo cha mpira kilingane na cha gurudumu. Mpira uwe laini: ukiubonyeza kwa ukucha ubonyee, kisha urudi mara moja bila kuacha alama.

Ule ubapa umetokana na kuiacha rola imeegemea sahani ya wino, yaani lile duara ambalo rola huchukulia wino, au herufi usiku kucha, na hata mpira utapata kilema hicho hicho ukiutendea hivyo. Kila unapomaliza kazi, futa rola kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, zikaushe, uzitoe mashinani na uzitundike zikiwa zimeshikwa na vyuma vyake tu, mbali na dirisha lenye jua. Rola za gundi usizioshe kwa maji hata kidogo wakati ukisubiri za mpira.

Mimi nina duka la vifaa vya ofisi na ninachapa vitabu vya risiti na hati za kupokelea mizigo. Kisanduku cha namba kinaruka namba, wakati mwingine kinarudia ile ile mara mbili, na tarakimu ya mwisho hutoka nusu. Mafundi wawili wameniambia kimekufa. Nisaidie kabla sijanunua kingine.
Msomaji, Kariakoo

Ndugu, kisanduku cha namba, yaani kile kifaa kinachofungwa ndani ya fremu na kubadili namba kila pigo, hakifi kwa urahisi hivyo. Mara nyingi kimezibwa na wino uliokauka, au kimebanwa. Ukikitazama kwa karibu utaona ile alama ya No. iliyo ubavuni mwa tarakimu imeinuka kuliko tarakimu zenyewe. Alama hiyo ni kitufe: bamba likiisukuma ikazama mpaka mwisho, ndoano ya ndani hushika jino la gurudumu, na bamba likirudi nyuma, gurudumu la tarakimu husogea hatua moja. Kwa hiyo kitufe kisipozama chote, namba itarudia ile ile. Kikizama lakini kikachelewa kurudi kwa sababu ya uchafu, tarakimu itasimama katikati ya hatua na kutoka nusu, kama ulivyoeleza.

Anza kwa kukitoa kwenye fremu na kukilaza kwenye bakuli la mafuta ya taa. Kibonyeze kitufe kwa kidole gumba ndani ya mafuta hayo, tena na tena, mpaka mafuta yasitoke tena meusi, na kwa kila bonyezo utazame tarakimu ikisogea. Tumia mswaki laini, usitumie sindano wala msasa. Kikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, tia tone moja la mafuta ya cherehani kila upande, na ubonyeze tena. Kikikufanyia kazi mkononi lakini kikagoma kwenye fremu, basi umekibana mno. Watu hukaza kabari za fremu kwa hofu kwamba kisanduku kitadondoka, nazo kabari zinayaminya mabavu yake mpaka magurudumu ya ndani yanasuguana. Weka vipande vya mbao vilivyonyooka pande zote, kaza kwa nguvu za vidole, kisha robo mzunguko wa ufunguo, inatosha.

Kuruka namba kuna sababu yake nyingine ambayo mafundi wako hawakuitaja, nayo ni rola. Rola zilizo chini mno hukisukuma kitufe zinapopita kupaka wino, kwa hiyo namba husogea kabla bamba halijafika. Soma nilichomjibu mwenzako wa Sinza kuhusu reli, upandishe rola zako, na kuruka huko kutaisha bila kukigusa kisanduku.

Kabla ya kuanza kazi kubwa, chunguza pia kisanduku chako kinahesabu kwenda mbele au kurudi nyuma. Vingi vimetengenezwa vihesabu kurudi nyuma makusudi, ili ukianza na namba ya mwisho na kuziweka karatasi moja juu ya nyingine, ya kwanza iwe juu ya rundo mwishoni na usihitaji kupanga upya. Na kwa zile karatasi zinazojinakili zenyewe pasipo kaboni, una bahati: ukizipanga seti nzima, ya juu, ya kati na ya chini, na kuzipiga namba kwa pamoja, mgandamizo wa tarakimu hutosha kuiacha namba kwenye nakala zote. Mashine za risiti za kodi zimepunguza kazi hii mjini, hilo najua, lakini hati za mizigo, vitabu vya vikoba na risiti za michango bado vinahitaji namba, na mteja asiyeona namba zikifuatana hawezi kumwamini mtunza fedha.

Fundi, nimenunua kasha la herufi kutoka kwa mtu aliyelileta kutoka Uingereza. Kila nikipanga aya moja ya Kiswahili, a zinaniishia kabla ya kufika mwisho, huku e na t zimejaa tele. Nimepunjwa?
Msomaji, Mbagala

Hujapunjwa, dada. Waliomimina herufi hizo walizigawa kwa mahesabu ya Kiingereza, lugha ambayo herufi inayotumika zaidi ni e, na t huifuata kwa karibu. K na w huwekewa chache kwa sababu hawazihitaji sana. Kiswahili kinakula a kuliko herufi nyingine yoyote, kinafuatiwa na i na u, na ukiandika sentensi ya kawaida kama hii, k, w, n na m nazo zinaondoka haraka, ilhali q na x zinakaa kashani bila kazi. Ukiagiza herufi, usinunue kasha jingine zima. Waulize wauzaji kama wanauza herufi moja moja kwa uzito, uagize a, i, k, u na w za saizi na aina ile ile. Kwa sasa chapa aya ndefu kwa awamu mbili, nusu ya juu kwanza, kisha uzirudishe herufi na upange nusu ya chini, ukihakikisha vishikio vya pembeni vinavyoiweka karatasi mahali pake havijasogea. Wako wanaogeuza n juu chini iwe u. Msomaji mwenye jicho huliona hilo mara moja, nami ni msomaji wa aina hiyo.

Kwa matini marefu zaidi, agiza bapa la plastiki lenye maandishi yako, linalotengenezwa kwa mwanga, ulibandike juu ya kitako cha chuma, mradi kimo cha kitako na bapa hilo kwa pamoja kiwe zile milimita 23.3. Lihifadhi kwenye mfuko usioingia hewa, kwa maana unyevu wa hapa huliharibu.

Kila herufi ninayochapa ina kivuli chake pembeni, kana kwamba imepigwa mara mbili. Nimepunguza mgandamizo na nimepunguza wino, kivuli kipo palepale.
Msomaji, Tabata

Kivuli ni dalili ya kwamba kitu kimetembea wakati wa kugusana, na vitu vinavyotembea mara nyingi ni vitatu: karatasi, herufi au matandiko. Tuanze na matandiko, kwa kuwa ndiyo mkosaji wa kila siku. Gonga manila ya juu kwa ncha ya kidole: ikitoa sauti kavu, imekazwa; ikibonyea na kurudi polepole, imelegea, nayo hujikusanya mbele ya herufi na kuiburuta karatasi. Ivute upya, uibane kwa vibanio vya juu na chini, na uondoe karatasi zozote zilizokunjamana chini yake. Watu hupenda kuongeza gazeti ndani ya matandiko ili chapa izame. Gazeti ni laini, na ulaini huo ndio unaoleta kivuli.

Kisha tazama karatasi yenyewe inaponasuka. Vidole vya chuma vinavyoishikilia bambani vinapaswa kuibana kando ya maandishi, karibu iwezekanavyo bila kugongwa na herufi. Visipoibana, kadi hung'ang'ania herufi zenye wino, huvutwa kidogo bamba linapoanza kurudi, na kivuli hutokea hapo. Kikiwa upande wa juu wa herufi zote, shuku vidole. Kikiwa sehemu moja tu ya ukurasa, shuku herufi za sehemu hiyo. Ili kuzikagua, inua upande mmoja wa fremu kwa kuupachika juu ya kabari, ubonyeze maandishi kwa kiganja. Herufi inayozama au mstari unaocheza umekosa kipande chembamba cha kujazia. Ukiona katikati ya fremu nzima pameinuka kidogo kutoka mezani, umekaza kabari kupita kiasi na herufi zimejikunja kwenda juu. Legeza, shindilia tena kwa kibao na nyundo ya mbao, kisha kaza taratibu.

Naomba kuuliza kuhusu wino. Kadi zinazong'aa zinachafuana hata baada ya siku mbili, lakini wino uliobaki kwenye sahani ya mashine unakauka wakati nakula chakula cha mchana.
Msomaji, Ilala

Wino wa mafuta hukauka kwa namna mbili: karatasi huunyonya, na hewa huyagandisha mafuta ya kitani yaliyomo. Kadi inayong'aa hainyonyi, kwa hiyo kila kitu kinategemea hewa, nayo hewa yenye unyevu mwingi hufanya kazi hiyo kwa uvivu. Chapa kwa wino kidogo zaidi, usirundike kadi zaidi ya chache juu ya nyenzake, na upitishe karatasi nyembamba katikati ya marundo. Kwa kadi zisizong'aa tumia wino wenye asili ya mpira, ambao unaweza kukaa mashinani kutwa bila kuganda. Kwa zinazong'aa haufai, maana hautakauka kamwe. Wino wa mitambo ya ofseti, ambao unapatikana kirahisi mjini, unafaa kabisa kwenye herufi za risasi.

Kiasi chenyewe watu hukikosea. Kwa mashine ya inchi 8 kwa 5, anza na punje ya mbaazi, uisambaze kwa kisu cha wino, usogeze rola mara nyingi bila karatasi, halafu usikilize. Wino wa kutosha hutoa sauti nyembamba, kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Ukisikia rola zinang'oka kwenye sahani kwa kelele za kunata, umezidisha, na dawa si kuongeza mafuta ya taa ndani ya wino bali ni kuutoa kwa karatasi chakavu. Vitambaa ulivyofutia wino huo usivirundike pembeni: mafuta ya kitani hujipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka. Viweke kwenye debe la bati lenye kifuniko.

Kuna mtu anauza mashine ya mezani huko Kurasini. Nitazame nini kabla sijalipa?
Msomaji, Kigamboni

Tazama chuma kabla ya rangi. Miili ya mashine hizi mara nyingi ni ya chuma cha kusubu, ambacho hupasuka badala ya kupinda, na mpasuko uliochomelewa kwa harara hautadumu chini ya mgandamizo. Pitisha tochi kwenye maungio ya mpini, chini ya kitanda na kwenye ndoano zinazoshika fremu. Shika bamba kwa mikono miwili ulitikise ukiwa umefungua mashine. Likicheza upande hadi upande, vyuma vya mhimili vimelika, na skrubu hazitakusaidia kulinyoosha. Rola mbovu, springi zilizokatika na magurudumu yaliyopotea visikutishe, kwa sababu vyote hivyo hutengenezeka hapa hapa mjini, ila vikupe sababu ya kushusha bei. Fremu ikikosekana ni jambo zito kidogo, ingawa fundi mzuri huweza kuichonga akiwa na vipimo vya kitanda. Ukipewa na herufi, zikague uso kwa uso chini ya mwanga wa pembeni, na zile zilizotoa unga mweupe zisiguswe kwa mikono mitupu wala kupulizwa, kwa kuwa unga huo ni risasi iliyoliwa na unyevu. Nawa mikono kabla ya kula, na watoto wasichezee kasha. Mwisho, mwombe muuzaji achape mbele yako kitu chochote. Akikataa kwa kisingizio cha kukosa wino, rudi siku nyingine ukiwa na wino wako.